Mtoto wako anasoma au anakariri?

Jioni moja ya mwezi wa Julai, baridi ya Wanging'ombe ikiwa imetukusanya sote jikoni kuzunguka moto, kijana wangu wa Darasa la Kwanza alitusomea kitabu chake cha shule. Alikishika vizuri, akafuatisha mistari kwa kidole, akamaliza ukurasa mzima bila kukwama. Bibi yake alipiga vigelegele. Shangazi yake, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Makambako, akatoa shilingi mia tano akamtunza.

Nami nilijaa fahari. Nikasema moyoni, huyu hatanisumbua.

Shangazi yake akakichukua kile kitabu, akafungua ukurasa mwingine, akamwonyesha neno moja tu: kuku. Neno hilo hilo lilikuwa kwenye ukurasa aliotoka kuusoma. Kijana akalitazama. Kisha akainua macho kwenye picha iliyokuwa juu yake. Kwenye picha kulikuwa na mtoto amebeba ndoo.

"Maji," akajibu.

"Hapana, baba. Usiangalie picha, angalia neno."

Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ile ile nzuri ya kusomea: "Mama anateka maji."

Jikoni pakawa kimya. Kumbe mtoto hakuwa anasoma. Alikuwa ameshika kichwani kila ukurasa kwa picha yake, kama mtu anavyoshika wimbo.

Nilichofanya baada ya pale ndicho kimenifanya niandike makala hii, kwa sababu najua siko peke yangu. Nilimwita mvivu. Nikamwambia anacheza tu shuleni. Usiku uliofuata nikaanza kumfundisha kwa nguvu, fimbo ikiwa pembeni. Wiki ya pili haijaisha, mtoto aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kukimbilia shule akaanza kulalamika tumbo kila asubuhi.

Kadi yenye doa la chai

Njia niliyotumia niliiona kwenye simu. Kulikuwa na video za watoto wa nje wakionyeshwa kadi zenye maneno. Kadi inainuliwa, mtoto anataja neno, kadi inashushwa. Ilipendeza. Nikakata boksi la sabuni, nikaandika maneno 40 ya Kiswahili: shule, kuku, mwalimu, chakula, kesho, lakini, na mengine. Kila usiku nikamwonyesha, akarudia baada yangu.

Baada ya siku kumi alikuwa anayajua karibu 20. Nikadhani tumefika. Siku moja mama yake akaniambia nimwandikie neno "shule" kwenye karatasi nyingine. Nikaandika. Hakulijua. Nikamrudishia kadi ya zamani, akasema mara moja: "Shule!" Nilipoikagua ile kadi nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitilia maanani. Pembeni ilikuwa na doa la chai. Mwanangu alikuwa anasoma doa.

Nilipokwenda kuonana na mwalimu wake, hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: je, mtoto anajua sauti ya kila herufi iliyomo kwenye hayo maneno 40? Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kumuuliza mtoto.

Kwa nini Waingereza wanatumia kadi

Tuwe wakweli, zile video si za uongo. Zina sababu yake, ila sababu hiyo ni ya Kiingereza.

Mwaka 1936 mwalimu na mtafiti wa Marekani, Edward Dolch, alichapisha orodha ya maneno 220 yanayojitokeza mara nyingi katika vitabu vya watoto. Wazo lilikuwa kwamba mtoto akiyatambua maneno hayo mara tu anapoyaona, bila kuyachambua, atasoma kwa urahisi zaidi. Orodha hiyo bado inatumika hadi leo katika shule nyingi zinazofundisha kwa Kiingereza.

Fikiria shida ya mtoto wa Kiingereza. Anafundishwa sauti za herufi, kisha anakutana na neno "one". Akilisoma kwa sauti za herufi atapata kitu kama "one" la Kiswahili, lile la "nione", wakati linatamkwa "wani". Anakutana na "said", linatamkwa "sedi". Maneno ya namna hiyo ni mengi, na ndiyo yanayotumika kila siku. Mwalimu anaona afadhali ayafundishe yakiwa mazima.

Hata huko, watafiti wa baadaye kama Linnea Ehri wa Marekani wameonyesha kwamba neno halikai kichwani kama picha. Linakaa pale mtoto anapounganisha herufi zake na sauti zake, na sauti hizo na maana. Akishafanya hivyo mara kadhaa, neno linatambulika papo hapo. Kwa maneno mengine, kutambua kwa haraka ni matunda ya kusoma kwa sauti. Hakuchukui nafasi yake.

Mwaka 2003 ulitoka utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Ufini, Ugiriki, Italia na Hispania, ambao lugha zao zinaandikwa karibu kama zinavyotamkwa, walikuwa wanasoma maneno ya kawaida karibu yote kwa usahihi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule. Wale wa Kiingereza walikuwa nyuma sana yao.

Kiswahili chetu kiko upande wa Ufini na Italia. Herufi "a" ni "a" leo na kesho, iwe kwenye "baba" au kwenye "Makambako". Kumkaririsha mtoto wa Kiswahili maneno mazima kabla hajazijua sauti ni sawa na kumbeba mgongoni mtu mwenye miguu mizima.

Hiyo haina maana kwamba kazi ni nyepesi. Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, ambao nao walichapisha mwaka 2003 kazi yao juu ya makosa ya watoto wanapoandika Kiswahili, walisema wazi kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia iliyonyooka si jambo dogo. Ila njia yake ni tofauti.

Mjaribu leo usiku

Kabla ya kumfundisha, mzazi, jua kwanza mwanao yuko wapi. Huhitaji karatasi ya mtihani. Chukua kitabu anachokijua vizuri, kisha ufanye mambo manne.

Kwanza, funika picha kwa kiganja na umwambie asome. Mtoto anayesoma ataendelea. Anayekariri atakuomba utoe mkono.

Pili, mwonyeshe maneno kutoka mwisho wa mstari kuja mwanzo. Anayekariri hawezi kwenda kinyumenyume.

Tatu, andika moja ya maneno hayo kwenye karatasi nyingine, kwa mwandiko wako mwenyewe. Jihadhari usiandike kwa herufi kubwa tupu kama hajazizoea, maana "KUKU" na "kuku" kwa mtoto mdogo vinaweza kuwa vitu viwili.

Nne, mpe neno ambalo halina maana, kama "mola" ukiligeuza kuwa "lamo", au "beka". Akilisoma polepole, be-ka, ujue ufunguo anao. Akikutazama tu, hana kosa. Bado hajapewa ufunguo.

Na wewe mzazi au bibi usiyejua kusoma, usijitoe. Jaribio la kwanza la kufunika picha unaliweza. Sikiliza pia sauti yake. Mtoto anayesoma kweli husita mahali fulani, hurudi nyuma, hujisahihisha. Anayekariri huenda kwa mdundo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama amefungua ukurasa usio wenyewe.

Anza na sauti, si majina ya herufi

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kumfundisha mtoto kusema "em", "el", "es". Mtoto akiona "ma" anasema "em-a", anapata "ema". Hiyo si "ma". Mfundishe herufi inavyolia: "mmm", "lll", "sss". Kwa "mmm" mdomo ufungwe, sauti itoke. Kisha uiunganishe na irabu: mmm-a, ma.

Usimpe herufi zote kwa pamoja. Chukua irabu tano, a, e, i, o, u, na konsonanti tatu tu: m, k, l. Hizo zinatoa silabi 15. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya vifuniko vya soda, silabi moja kwenye kila kifuniko. Vifuniko vimejaa nje ya kila duka na havichaniki kama karatasi.

Sasa mwache achezee. Ma na ma, mama. Ku na ku, kuku. Li na ma, lima. La na la, lala. Me na li, meli. Ka na ka, kaka. Weka "ku" mbele ya "lima", anapata kulima. Wiki ya kwanza tu mtoto ana maneno zaidi ya kumi, na hakuna hata moja alilokariri. Ameyajenga mwenyewe kama anavyojenga nyumba ya udongo.

Mwanangu alipopata "Kaka, lima!" kwa vifuniko vyake aliruka juu, maana ndivyo bibi yake anavyomwita kaka yake shambani kila asubuhi.

Zikishakaa, ongeza konsonanti nyingine mbili: b na t, kisha s na n, na kuendelea. Sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, kama ch, sh, ny, mb, nd, nj, zisubiri hadi zile za herufi moja ziwe zimekaa.

Maneno ya kutambua papo hapo

Hapa ndipo maneno ya haraka yanapopata nafasi yake. Silabi zikishakaa, mtoto atasoma, lakini atasoma kwa kujikokota: ma-ma-a-na-pi-ka-u-ga-li. Akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Sasa anahitaji wepesi.

Kiswahili kina maneno madogo yanayojirudia karibu kila mstari. Mengi ni silabi moja au mbili: na, ni, ya, wa, la, za, cha, kwa, si, au, tu, huyu, hii, yule, hapa, pale, sana, sasa, kama, kila, bila, nani, nini, wapi, yake, wangu, kisha, pia, lakini, katika. Hayo si zaidi ya 30. Mtoto akiyatambua bila kusimama, nusu ya safari ya kila sentensi imekuwa nyepesi.

Yafundishe matatu matatu, si 40 kwa usiku mmoja kama nilivyofanya mimi. Na ufuate utaratibu huu: alisome kwanza kwa silabi, la-ki-ni. Alirudie kwa pamoja, lakini. Alitumie kwenye sentensi yake mwenyewe, "Nataka kucheza lakini mvua inanyesha." Kisha alitafute kwenye ukurasa wa kitabu au gazeti na kulizungushia duara. Akilipata mara tano kwenye ukurasa mmoja, atalikumbuka bila doa la chai.

Vichwa vya vitenzi

Kuna jambo jingine ambalo zile orodha za nje haziwezi kutufundisha, kwa sababu si la lugha yao. Kinachomtisha mtoto wa Kiswahili ni maneno marefu kuliko yale madogo. Mwingereza akitaka kusema "hawatakuja" anatumia maneno manne mafupi. Sisi tunayashona yote kwenye neno moja: ha-wa-ta-ku-ja. Mtoto akiona kamba ndefu namna hiyo anakata tamaa kabla hajaanza, au anasoma silabi ya kwanza na kubahatisha zilizobaki.

Dawa yake ni kumzoesha vichwa vya maneno. Andika kwenye karatasi, moja chini ya lingine: anacheza, anasoma, analima, anakula. Mwambie akuonyeshe kinachofanana. Ataona "ana" mwenyewe. Mzungushie. Mwambie: ukiona hiki mwanzoni, usikichambue tena, kisome mara moja, kisha utafute kilichobaki.

Kesho yake badilisha kichwa: alicheza, alisoma, alilima, alikula. Halafu wana-, wali-, nita-, tuna-, hawa-. Kata vipande vya boksi, vichwa kwenye rundo moja na mikia kwenye rundo jingine. Mtoto aokote kimoja kila upande, aunganishe na kusoma: tuna na cheza, tunacheza. Wali na lima, walilima. Mengine yatachekesha. Yakichekesha ujue ameelewa.

Hivi vichwa ndivyo maneno yetu hasa ya kutambua papo hapo. Mtoto anayeviona kwa jicho moja anageuza neno la silabi tano kuwa vipande viwili.

Jina la wilaya yetu ni somo zima

Wazazi wa huku tuna bahati moja. Jina la wilaya yetu ni darasa tosha. Wa-ngi-ng'o-mbe. Ndani yake mna "ng" kama ya ngoma, "ng'" kama ya ng'ombe, na "mb" kama ya mbegu. Watu wazima wengi bado hukosea kuliandika kwa kusahau ile alama ya juu.

Mfundishe mtoto kwamba ile alama ndogo ina kazi. Mwambie aseme "ngoma", kisha "ng'ombe", huku akiwa ameweka kidole kooni na kusikiliza. Kwenye ngoma "g" inasikika, kwenye ng'ombe haisikiki. Ukitoka hapo unaye Njombe kwa ajili ya "nj" na "mb", Igwachanya kwa ajili ya "gw", "ch" na "ny", Ilembula na Makambako kwa kurudia "mb". Kila mtoto huku amesikia majina haya tangu akiwa mgongoni, kwa hiyo akiyasoma anajua mara moja kama amepatia au amekosea.

Kuna maandishi mengine yanayotuzunguka bila sisi kuyatumia. Mfuko wa mbolea, pakiti ya chumvi, kibao cha shule, ubavu wa basi pale stendi ya Makambako. Ukienda naye sokoni mpe kazi ya kutafuta neno moja tu, kwa mfano "duka" au "wakala". Maandishi haya mengi ni ya herufi kubwa, kwa hiyo hapo ndipo atakapozizoea.

Kibena jikoni, Kiswahili kitabuni

Katika nyumba nyingi za wilaya hii, Kibena ndicho kinachotawala jikoni. Wapo wazazi wanaoambiwa waache kukisema ili mtoto ajue kusoma. Hakuna haja. Mtoto aliyesimuliwa hadithi kwa Kibena na bibi yake tayari anajua kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, na hilo ni mtaji mkubwa.

Kinachotakiwa ni kuhakikisha neno analolisoma analijua kwa sikio. Mtoto wa milimani kwetu anaweza kusoma m-na-zi sawasawa kabisa na asijue ni kitu gani, kwa sababu hajawahi kuuona. Akimaliza ukurasa muulize: ni nini hiki? Kama hajui, mweleze, hata kwa Kibena, kisha alisome tena neno la Kiswahili.

Sikiliza pia "l" na "r". Kama nyumbani hazitofautishwi, mtoto ataandika "kalamu" akimaanisha sherehe ya kula. Usimcheke. Mpe maneno mawili kwa pamoja, kalamu na karamu, na mchore picha mbili.

Dakika kumi zinatosha

Tangu Januari 2016, mpango wa elimumsingi bila malipo ulipoanza kutekelezwa, watoto wengi zaidi waliandikishwa na madarasa ya chini yakajaa. Ni jambo jema, lakini mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kila siku. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulishapangwa upya mwaka 2015 ili uzito uwekwe kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu anafundisha. Anachokosa mtoto ni sikio la kumsikiliza.

Sikio hilo ni lako. Dakika kumi kila jioni ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Dakika tatu za vifuniko, dakika tatu za maneno madogo au vichwa vya vitenzi, dakika nne za kitabu. Mkimaliza, mmalize. Mtoto aondoke akitaka kuendelea.

Kuhusu kasi, usiwe na pupa. Katika miaka ya 2010 kiwango kilichokuwa kikitumika nchini kupimia kusoma kwa Darasa la Pili kilikuwa maneno 50 kwa dakika. Hiyo ni Darasa la Pili. Mtoto wa Darasa la Kwanza anayesoma maneno kumi kwa dakika kwa usahihi, na kukueleza alichosoma, yuko njiani. Kasi itakuja kwa kurudia ukurasa ule ule mara tatu au nne. Hapo kurudia si dhambi, mradi uwe umefunika picha.

Simu inaweza kusaidia

Sikukuambia uitupe simu. Mkoani Tanga, kuanzia mwaka 2017, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalijaribu programu za kujifunzia kwa Kiswahili kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani na hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasiojua kusoma kabisa ilikuwa imeshuka sana. Programu mbili, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa washindi mwaka 2019.

Kwa hiyo simu yako inaweza kuwa kitabu. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili za bure, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Pakua hadithi moja ukiwa na bando, muisome wiki nzima. Lakini kaa naye. Simu haijui kama mtoto anasoma neno au anasoma doa la chai.

Lini uombe msaada

Kama baada ya miezi miwili au mitatu ya dakika kumi kumi mtoto bado hashiki hata sauti za irabu tano, usimpige. Tazama kwanza macho: analeta kitabu karibu na pua, anakunja uso, anapoteza mstari? Tazama masikio: anaomba urudie, anaongeza sauti ya redio? Mpeleke akapimwe. Kama viko salama, zungumza na mwalimu. Wapo watoto wenye akili nzuri kabisa ambao herufi huwasumbua kuliko wenzao, na hao huhitaji hatua ndogo zaidi na muda mrefu zaidi.

Fimbo haijawahi kumfundisha mtu sauti ya herufi. Ilichomfundisha mwanangu ni kuumwa tumbo.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia, "Baba alikosea, alikufundisha vibaya." Alinitazama kama mtu asiyeamini, kisha akaniuliza kama zile kadi tutazichoma. Tulizichoma pamoja kwenye moto wa jikoni, akazitumbukiza moja moja. Kuanzia kesho yake tukahamia kwenye vifuniko vya soda. Tumbo likapona bila dawa.

Mwezi wa Oktoba, usiku mmoja, simu yangu ililia ujumbe. Ulitoka kwa shangazi yake wa Makambako. Nikampa kijana simu bila kusema kitu. Hapakuwa na picha ya kutazama. Aliusogeza mwanga karibu, midomo ikaanza kucheza.

"Ke-sho. Kesho. Nina-ku-ja. Ninakuja." Akasimama. "U-si-la-le. Usilale... ma-pe-ma. Usilale mapema."

Akakaa kimya akifikiri. Mara akaruka kutoka kwenye kigoda, akamkimbilia bibi yake.

"Bibi! Shangazi anakuja kesho! Ameniambia nisilale mapema!"

Kwenye simu hapakuandikwa "nisilale". Amelipata mwenyewe.